Mafundi wa Kiswere na Wanafunzi wa Ng'ambo

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilikuwa nafundisha Kiswahili kwa wageni jijini Dar es Salaam. Wanafunzi wangu walitoka Japani, Ujerumani, Sweden, Korea, Marekani na Msumbiji. Wengi walikuwa wakisomea usanifu wa majengo, sanaa za ufundi au historia katika vyuo vya kwao, na walikuja Tanzania kwa muhula mmoja au miwili ili wapate lugha kwanza, kisha waingie katika utafiti. Leo baadhi yao ni maprofesa, na mimi ni mstaafu. Naandika kumbukumbu hii kwa sababu kazi ile, ingawa ilianzia Dar es Salaam, ilikomaa Kiswere, kijiji cha wajomba zangu, kwenye ghuba iliyo kusini ya Kilwa, kabla hujafika Mto Mbwemkuru.

Kufundisha Kiswahili kwa wageni halikuwa jambo jipya. Askofu Edward Steere alichapisha kitabu chake cha kujifunzia lugha hii mwaka 1870. Kazi ya kusanifisha Kiswahili ilipata kamati yake rasmi mwaka 1930. Zanzibar ilikuwa na taasisi yake ya Kiswahili na lugha za kigeni, TAKILUKI, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, TUKI. Vitabu vilikuwepo, ngeli zilikuwa zimepangwa, na mazoezi ya kujaza nafasi hayakuwa haba. Lakini wanafunzi wangu walikuwa na haja ambayo vitabu vile havikuitimiza. Msanifu wa majengo anataka kuuliza ukuta huu umejengwaje, nani aliamua mlango uwe upande huu, boriti zimetoka msitu gani. Sisi darasani tulikuwa tukimfundisha kununua nyanya na kuulizia basi la Mwenge.

Nikaanza na kanga, kwa kuwa zilikuwa jirani. Niliwapeleka Mtaa wa Uhuru, kwenye maduka ya jumla, kila mmoja achague jozi moja. Tuliporudi darasani niliwaketisha wawili wawili, wamepeana migongo. Mmoja ameikunjua kanga yake mbele yake, mwenzake ana karatasi na kalamu za rangi. Mwenye kanga aieleze kwa Kiswahili kitupu, mwenzake aichore bila kuiona. Kwanza pindo, kisha mji, kisha jina. Nukta ziko ndani ya pindo au nje yake? Korosho ziko nne, zimeelekea kona au zimeelekea katikati? Aliyesema "ya" mahali pa "za" aliliona kosa lake kwenye mchoro wa mwenzake: korosho moja peke yake, imesimama katikati ya nguo. Sikuhitaji kalamu nyekundu.

Baada ya michoro tuliingia kwenye historia. Walijifunza kwamba kanga ni nguo ya mwishoni mwa karne ya 19, iliyoanza pale wanawake wa pwani walipoanza kuunganisha leso za madukani kupata nguo moja pana. Walijifunza kuhusu Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara yake mwaka 1887, na alama yake ya "Mali ya Abdulla" ambayo wanawake wa pwani nzima wanaijua. Waliona jinsi majina ya kanga yalivyoandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Jinsi nguo zilivyochapishwa Ulaya, India na Japani kwa kufuata matakwa ya mteja wa Unguja na Mombasa. Na jinsi kiwanda cha Urafiki kilichojengwa kwa msaada wa China kilivyoanza kazi mwaka 1968, kanga zikawa zinachapishwa Ubungo. Mwanafunzi wa Kijapani alishangaa kusikia kwamba nchi yake iliwahi kuwachapia bibi zetu nguo. Siku ile aliuliza maswali mengi kuliko aliyouliza tangu kozi ianze, na yote kwa Kiswahili.

Hapo ndipo niliposhika jambo ambalo nimelishikilia mpaka leo: historia ya kitu kilichotengenezwa kwa mikono ni darasa zuri la lugha, kwa sababu kitu chenyewe kiko mbele yenu na kinawakatalia uongo. Nikaamua likizo ya kiangazi niwapeleke Kusini.

Wasomaji vijana hawaijui safari ya Kusini ya wakati ule. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na pantoni likigoma mnalala ng'ambo ya huku mkisikiliza mbu na viboko. Kutoka Ndundu hadi Somanga na Nangurukuru barabara ilikuwa mchanga na matope. Wanafunzi walifika Kilwa Masoko wamechoka, wamejaa vumbi hadi kwenye kope, lakini walikuwa wamejifunza kwa utingo wa lori Kiswahili ambacho mimi nisingethubutu kukifundisha.

Kilwa Kisiwani tulivuka kwa mashua. Kila mmoja alikuwa na daftari lenye kurasa mbili zinazotazamana: upande mmoja mchoro, upande wa pili maelezo. Msikiti Mkuu wa Kilwa unasomeka vizuri kwa jicho lililofundishwa. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi, ilianza karne ya 11, ilikuwa na paa la bapa lililobebwa na nguzo za mbao. Sehemu kubwa ya kusini iliongezwa mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, Kilwa ilipokuwa imetajirika kwa dhahabu iliyopita Sofala, na hii iliezekwa kwa kuba na matao. Niliwataka wasimame pale sehemu mbili zinapokutana, wanieleze kwa mdomo kilichobadilika. Mwanafunzi wa Ujerumani alieleza muda mrefu, akitafuta maneno, akirudi nyuma, akinyoosha kidole juu. Mwishowe akasema: "Mwanzoni walikuwa wanategemea msitu. Baadaye walitegemea chokaa." Nilimwambia aandike sentensi hiyo vilevile, asiongeze kitu.

Tulipanda Husuni Kubwa, lile jumba lililo ukingoni mwa jabali juu ya bahari, lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba pale na sehemu nyingine za kisiwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake juu ya Kilwa kilitoka mwaka 1974. Nilikuwa nimewatafsiria kwa Kiswahili chepesi yale ambayo msafiri Ibn Battuta aliandika kuhusu Kilwa aliyoifikia mwaka 1331. Aliusifu mji kwa uzuri wake, lakini akasema nyumba zake ni za mbao. Basi nikawagawa makundi mawili juu ya magofu yale ya mawe. Kundi la kwanza limtetee msafiri, la pili limpinge. Jua lilikuwa kali, lakini mjadala ulikuwa mkali zaidi. Kundi la utetezi likasema huenda watu wengi wa mji waliishi katika nyumba za miti na udongo, na mawe yalikuwa ya msikiti na ya wakubwa. Tukiangalia magofu tunawaona matajiri peke yao. Waliitoa hoja hiyo kwa Kiswahili cha makosa mengi, na ilikuwa hoja ya wanahistoria waliokomaa.

Kiswere hakuna jumba kama Husuni Kubwa. Kuna ghuba iliyoingia ndani ya nchi, mikoko pande zote, minazi, mihogo na watu. Zamani ilikuwa bandari ya majahazi. Nilichokwenda kukitafuta pale ni mafundi, kwa sababu ukiwa Kisiwani unaona kazi iliyokwisha karne nyingi zilizopita, na Kiswere ya wakati ule ulikuwa unaona kazi ikifanyika.

Mjomba wangu alitupangia zamu. Asubuhi ya kwanza tulikwenda kwenye tanuri la chokaa. Magogo yalikuwa yamepangwa duara, yakapandana kimo cha kifua cha mtu, na juu yake yakamwagwa matumbawe. Moto ukawashwa, ukaachwa uteketeze usiku kucha. Kulipopambazuka mawe yalikuwa yamebaki meupe juu ya majivu. Wakayanyunyizia maji, yakalia, yakapasuka, yakawa unga. Mwanafunzi wa Sweden, ambaye Kisiwani alikuwa ameandika kurasa nzima kuhusu kuta za msikiti, alikaa chini akautazama unga ule kimya. Kisha akamuuliza fundi: "Baba, mti wa kuchomea mnautoa wapi?" Fundi akajibu kwamba siku hizi mbali, zamani karibu. Swali lile lilifungua mazungumzo ya saa nzima kuhusu msitu kiasi gani uliliwa na mji wa Kilwa. Fundi akaeleza pia tofauti ya mawe: lile tumbawe gumu la nchi kavu ni la kujengea ukuta, lile laini linatolewa baharini likiwa bichi, linachongwa hapo hapo, likikauka linakuwa gumu. Wanafunzi wakafungua madaftari yao kwenye ukurasa wa mihrabu waliyoichora Kisiwani, wakamwonyesha. Akatikisa kichwa: "Hiyo hiyo. Huwezi kuichonga ikikauka."

Walimuuliza pia juu ya vyumba, kwa nini nyumba za mawe za pwani, kuanzia Lamu hadi Kilwa, zina vyumba virefu na vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Mzee mwingine aliyekuwa amekaa pembeni akainuka, akaenda kwenye rundo la boriti za mkoko, akalala chini sambamba na boriti moja, akanyoosha mkono juu ya kichwa. "Zaidi ya hapo," akasema, "inapinda na dari inaporomoka." Vitabu vya usanifu vinalieleza jambo hilo kwa aya ndefu. Yeye alilieleza kwa mwili wake.

Mchana tulikaa uani kwa bibi mmoja msusi wa mikeka. Alikuwa na ukindu uliokwisha kuchanwa na kuanikwa, mwingine ameuchemsha kwa rangi nyekundu na zambarau. Kwanza husukwa ukili, utepe mrefu wa vidole vichache kwa upana. Ukitimia, hushonwa ubavu kwa ubavu hadi mkeka upatikane. Nakshi zote zinaamuliwa kwenye ukili, kwa hiyo msusi anauona mkeka mzima kichwani kabla haujawa mkeka. Bibi hakuwa na subira na wageni wanaoandika. "Weka kalamu, mwanangu. Ushike. Usiukaze. Upitishe chini, uurudishe." Kwa mwezi mzima darasani nilikuwa nimehangaika kuwaeleza mahali pa kukiweka kiambishi cha mtendwa. Pale uani kilikuwa kinawaingia vidoleni: kila "u" ya bibi ilikuwa ni ule ukili uliokuwa mikononi mwao. Jioni mwanafunzi wa Korea alimwambia mwenzake, bila kufikiri, "Umelegea, uvute kidogo." Bibi akacheka kwa furaha, akampa kiti.

Lakini mahali pazuri kuliko pote palikuwa ufukweni, chini ya mwembe, alikokuwa akiunda mashua mzee tuliyemwita Babu Fundi. Hakuwa na mchoro wala mita. Vipimo vyake vilikuwa shibiri, dhiraa na pima. Vifaa vyake vilikuwa tezo, msumeno, keekee na nyundo. Nilikuwa nimekubaliana naye kwamba mtihani wa mwisho wa kozi atausimamia yeye. Kila mwanafunzi angesimama mbele yake na kumweleza mashua inavyoundwa kuanzia mwanzo hadi kushushwa majini, na alama angezitoa Babu. Nilitaka wajue kwamba mwenye ujuzi ndiye mwamuzi wa lugha ya ujuzi huo, hata kama hajawahi kukanyaga chuo.

Msichana wa Kijapani alitangulia.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Haya, niundie chombo."

Akaanza vizuri: mkuku ulazwe, fashini zisimamishwe mbele na nyuma. Kisha akasema mataruma yapangwe, halafu mbao zipigiliwe juu yake. Babu akamnyooshea kiganja.

"Ngoja. Chombo hicho cha wapi?"

Msichana akasema amesoma kitabuni.

"Basi ni cha watu wa kitabu. Njoo." Akamshika mkono, akampeleka hadi kwenye mashua, akamwonyesha mbao za chini zilizokwisha kufungwa kwenye mkuku, wakati mataruma mengi yalikuwa bado yamelala mchangani, ni matawi yaliyojipinda yenyewe mtini. "Mbao za chini kwanza. Ubao ndio unaotoa umbo. Taruma linachongwa lifuate ubao, haliuamrishi."

Wasomi wa historia ya vyombo wanajua uzito wa maneno hayo. Duniani kuna njia kuu mbili za kuunda chombo cha mbao: kuna wanaoanza na mbavu, na kuna wanaoanza na ganda. Wazungu kwa karne nyingi wamejenga meli zao kubwa kwa kuanza na mbavu. Njia ya ganda ni ya kale katika Bahari ya Hindi, tangu zama za mitepe iliyoshonwa kwa kamba za mnazi. Babu Fundi alikuwa ameubeba mkondo huo mikononi. Msichana yule alirudi mwaka uliofuata peke yake, akakaa Kiswere hadi mashua iliposhushwa majini, na utafiti wake wa shahada ukawa juu ya ufundi huo. Siku ya mtihani alipata alama ya kati. Babu alisema: "Anajua kusema. Kuunda bado."

Aliyefaulu kuliko wote alikuwa kijana wa Msumbiji. Baba yake alikuwa mpiganaji wa FRELIMO aliyepitia kambi ya Nachingwea, na Kiswahili cha kwanza alikisikia kwake. Nyumbani kwa upande wa mama, pwani ya Cabo Delgado, walisema Kimwani. Alipofika mbele ya Babu hakuanza na mkuku. Aliizunguka mashua yote, akagusa omo, akagusa tezi, kisha akasema babu yake mzaa mama alikuwa anaunda chombo kama hiki Mocímboa da Praia, na kwamba tofauti aliyoiona ni moja tu, kwenye kichwa cha fashini. Babu akaketi. Wakazungumza mpaka kukaribia magharibi, kila mmoja kwa lugha yake ya pwani, na mimi sikuhitajika. Mpaka kati ya nchi zetu mbili waliuchora watu wa Berlin na Lisbon, mashua haikuujua. Wenzake walioketi mchangani na madaftari yao walijifunza jioni ile kuhusu historia ya pwani jambo ambalo nisingeweza kulifundisha kwa ramani.

Kuna kundi lingine lililokuwepo siku zote na ambalo sikulipanga. Watoto wa Kiswere walitufuata kila tulikokwenda. Walikaa juu ya magogo, wakasikiliza, na wageni walipokwama waliwanong'oneza majina: tezo, keekee, kalafati. Majina yote walikuwa nayo. Lakini nilipowauliza nani alijenga Kisiwani, wakanijibu Wareno. Wengine wakasema majini. Mwalimu mkuu wa shule yao ya msingi, aliyekuwa amekuja kutusalimu, aliinamisha kichwa, kisha akaniomba jambo moja: nikirudi mwaka ujao, darasa lake la sita likae pamoja na wanafunzi wangu.

Ndivyo tulivyofanya, mwaka hadi mwaka, hadi fedha za kozi zilipokatika. Mtoto mmoja alikaa na mgeni mmoja. Mgeni alimweleza mtoto kwa Kiswahili alichokisoma kuhusu sarafu za shaba za masultani wa Kilwa, ambazo za mwanzo zina maandishi yenye vina, upande mmoja ukimwitikia mwenziwe, na jinsi sarafu za Kilwa zilivyookotwa mbali, hata kwenye kisiwa cha kaskazini ya Australia mwaka 1944. Mtoto naye alimweleza mgeni samaki gani anaingia wando msimu wa kusi, na kamba ya nazi inasokotwaje. Sijaona tena darasa lenye usawa kama lile. Kila mmoja alikuwa na kitu ambacho mwenzake alikuwa amekitafuta.

Tangu wakati huo mengi yamefanyika. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya hatari mwaka 2004, yakakarabatiwa, yakatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014. Wageni wanafika kwa lami. Watafiti wamechimba Songo Mnara na kuandika vitabu vizuri. Lakini Babu Fundi amefariki, na bibi msusi pia. Boti za faiba zimeingia, mkeka wa plastiki unauzwa rahisi kila gulio, na kijana wa leo haoni sababu ya kukaa chini ya mwembe miaka mingi kujifunza tezo. Simlaumu. Anachohitaji ni kuambiwa kwamba ujuzi ule ni elimu, upimwe kama elimu na ulipwe kama elimu.

Nawasihi walimu wenzangu wa Kilwa na Lindi, mlio kazini sasa: watoto wenu wanasomea kando ya historia kubwa ya ufundi, na wanaitazama kila siku bila kufundishwa kuisoma. Hamhitaji kibali wala fedha za wafadhili ili kulitoa darasa nje asubuhi moja, mkamwendea mchoma chokaa, msusi au muunda mashua aliyebaki, watoto wakamwamkia, wakauliza, wakachora, wakaandika kwa Kiswahili chao wenyewe alichowaambia. Yaandikeni majina ya vifaa na hatua za kazi, myatunze shuleni. Tuliwafundisha wageni waliotoka Japani na Sweden, na walishukuru. Watoto wa Kiswere wana haki zaidi yao. Anzeni muhula huu, mafundi wachache waliobaki wangali hai.